Nilivyosimamia kulungu wa kwenye theluji nikiwa nimekaa Doha

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na huo ndio mwaka shida ilipohamia kwetu na mizigo yake yote. Kabla ya hapo baba yangu alikuwa mtu mkubwa. Ng'ombe wake wakianza kutoka bomani asubuhi, ulikuwa unamaliza chai bado wanatoka. Mvua ikakosa. Tulipokuja kushtuka tulikuwa na ngozi nyingi kuliko ng'ombe. Nikaacha shule darasa la tatu na sijarudi mpaka leo.

Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe. Kuna mahali nitaonekana mjinga, na mjue nimeamua tu kutoficha. Majina nimebadilisha kwa sababu bado nakula kwa hao watu. Anayetaka picha, hakuna picha.

Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinikimbize.

Mimi ni Mmaasai wa Loitokitok, upande wa Kenya, mpakani kabisa, ndiyo maana mnaniona humu na Kiswahili changu cha pande zote mbili. Doha nimefika 2009 nikiwa mlinzi wa geti la izba. Izba ni shamba la mifugo jangwani, nje ya mji. Wenye nazo wanaenda huko wikendi kuangalia ngamia wao wakitafuna.

Siku moja mbuzi alishindwa kuzaa. Daktari amekwama njiani, wafanyakazi wamemzunguka wanamtazama kama televisheni. Nikavua saa, nikakunja mkono wa sare ya ulinzi, nikamtoa mtoto akiwa hai. Kesho yake geti likapewa mtu mwingine na mimi nikapewa mifugo yote.

Sina cheti cha kitu chochote. Nina macho na nina mikono. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najisifu, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba. Nitafika huko.

Tajiri wangu nitamwita Abu Faisal. Huku mtu mzima anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza wa kiume, kama kwetu tu, na yeye ananiita Abu Saruni. Nyumba yake iko Al Thumama, karibu na uwanja wa ndege, ndege zikishuka unaweza kuhesabu matairi.

Kuna pia Musoke, Mganda, dereva wake. Mimi na yeye tumepanga chumba kimoja Al Mansoura. Huyo ndiye rafiki yangu na ndiye adui yangu, inategemea siku.

Tuendelee.

Abu Faisal alikwenda likizo nchi moja ya baridi huko juu Ulaya, akaipenda nyumba ya mbao, akainunua. Nyumba ikaja na msitu. Msitu ukaja na kulungu.

Nawaita kulungu kwa sababu sina jina lingine. Si hawa wetu. Hawa ni wakubwa kama ndama aliyeshiba, na madume wana pembe kama matawi ya mti uliokauka. Ni wa porini. Hawana uzio wala mwenyewe, leo wako kwako, kesho kwa jirani. Ila sheria ya huko inasema wenye ardhi wakubaliane kila mwaka wangapi wapunguzwe, ili msitu uwe na afya na kundi liwe na afya.

Hiyo sehemu ya kupunguza Abu Faisal hakuisikia. Alisikia "kulungu wako" akatosheka.

Msitu una mtunzaji, mama wa makamo anaitwa Marta, aliyekuwa na kazi hiyo tangu enzi za tajiri aliyepita. Ana sauti ya mtu aliyeita mbwa maisha yake yote. Maneno yake machache na hayana sukari.

Bosi akafunga kamera kwenye miti. Picha zikawa zinafika moja kwa moja Al Thumama, kwenye televisheni kubwa ya majlisi, ile sebule ya kupokea wageni wanaume. Watu wengine wanaangalia mpira. Sisi tukawa tunaangalia kulungu.

Ikafika Desemba. Hapa Doha ikashuka mpaka digrii kumi na saba, na kwa mtu wa chini ya Kilimanjaro hiyo ni hali nzuri ya kufua nguo. Lakini Abu Faisal alikuwa amevaa farwa, joho zito lenye manyoya ya kondoo ndani, amekaa karibu na mkaa, anatetemeka. Kwenye skrini theluji imefika magotini mwa kulungu, wanaparua kwa kwato kutafuta kitu cha kula. Mbavu zinaonekana.

"Angalia, ya Abu Saruni," akaniambia. "Wako kwenye ardhi yangu na wana njaa. Mgeni analala njaa kwangu?"

Akaagiza lori la shayiri limwagwe msituni. Na tende. Na si tende za kawaida, zile za wageni, zisafirishwe kwa ndege.

Marta akapigiwa video call, majlisi nzima inasikiliza, Musoke anatafsiri. Akajibu neno moja. Hapana.

Abu Faisal akadhani netiweki imekata. Akarudia.

"Hapana," Marta akasema. "Tumbo la kulungu wakati huu limezoea vijiti na magome. Ukimmwagia shayiri ghafla atakufa ameshiba. Na wakijazana sehemu moja kula, mmoja akiwa na minyoo, wote wana minyoo. Waache. Msimu wa baridi wanapunguza mwendo, hata moyo unapiga polepole. Ukiwafuatafuata na malori ndio unawamaliza."

Bosi akanigeukia. Hilo nililijua. Nani kati yenu wafugaji hajawahi kuona mbuzi aliyevunja stoo ya mahindi akaamkia kuvimba kama ngoma? Nikamwambia bosi mama anasema kweli. Akaniamini, lori likasimamishwa.

Tende tukala mimi na Musoke.

Na hilo ndilo lililoniponza. Nilipatia la kwanza, nikajiona nimepatia yote.

Marta hakukata simu. Akasema shida yenyewe si chakula, shida ni midomo. Kulungu wamezidi uwezo wa msitu. Lazima wapunguzwe kabla msimu wa kuwinda haujafungwa, na wa kupunguzwa hasa ni majike na watoto wa mwaka huu.

Abu Faisal akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Majike?"

"Majike."

"Wenye mimba?"

"Wengi wao, ndiyo. Na tunaanza na mtoto, halafu mama yake. Mtoto akibaki bila mama hafiki majira ya joto. Zamani mbwa mwitu walifanya kazi hii. Wenye ardhi wakawamaliza mbwa mwitu. Sasa kazi ni yetu."

Wageni wote wa Abu Faisal, wazee wenye ndevu zao, wakanitazama mimi.

"Abu Saruni," bosi akasema, "wewe ni mtu wa mifugo. Kwenu mnaua majike?"

Wakuu, nilisimama. Hakuna aliyeniambia nisimame.

Nikasema kwetu jike haguswi. Jike ni maziwa, jike ni mahari, jike ndiye kesho ya boma. Mtu anayeua jike mwenye mimba kwetu hatuoi binti yake, wala hatumpi wetu. Nikasema dume mmoja anatosha majike wote, kwa hiyo kama lazima damu imwagike, wapigwe madume, waachwe wachache.

Wazee wakatikisa vichwa, "Wallah, sahihi." Nikajisikia kama waziri.

Marta akaniangalia kutoka kwenye skrini. "Umesema dume mmoja anatosha majike wote."

"Ndiyo."

"Basi ukiwaua madume ukawaacha majike, mwakani watazaliwa wangapi?"

"Wengi."

"Na watakula nini?"

Nikamwambia, "Mama, mimi nimechunga ng'ombe kabla wewe hujajua maziwa yanatoka wapi."

Akasema, "Kulungu si ng'ombe," na sasa akakata simu.

Abu Faisal alicheka, akanipa kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akaacha kucheka. "Nakusikiliza wewe. Majike hawaguswi. Lakini sikia vizuri. Kuanzia leo hao kulungu wako shingoni mwako. Majira ya joto yakifika nao wamekufa, unapanda ndege. Na si ya likizo."

Mnaelewa hapo. Umri wangu huu, kuanza kutafuta kazi nyingine Ghuba, nani atanichukua? Nyumbani kuna watoto wako chuo, wananijua kama mti wa matunda.

Kwenye gari kurudi Al Mansoura, Musoke alisubiri taa nyekundu ya kwanza.

"Mzee, hongera. Umekuwa waziri wa theluji."

"Endesha gari."

"Naendesha ssebo. Nauliza tu. Hao wanyama umewahi kumgusa hata mmoja?"

"Mnyama ni mnyama."

"Sawa. Karibu na pale kwetu wanauza masanduku ya magurudumu manne. Imara kabisa. Nitakusindikiza."

Mtu wa kula ndizi atanifundisha nini mimi kuhusu mifugo.

Lakini nikaanza kufuatilia. Nikiwa izba, ngamia wanakunywa maji, mimi niko kwenye simu naangalia kamera. Kila siku naona wanachechemea kwenye theluji ile ile, wanarudi kwenye miti ile ile ambayo haina kitu. Nikawa nakula vibaya. Nikaanza hata kuwapa majina, jambo la kijinga kabisa.

Siku moja simu ikaita. Marta. Hakunisalimia.

"Sitaki uniamini," akasema. "Nataka uangalie tu."

Akatembea msituni na simu yake, theluji inalia chini ya viatu. Akanionyesha mti. Umeliwa kila kitu, vijiti, gome, mpaka pale kulungu anapofikia akisimama kwa miguu ya nyuma, na juu ya hapo mti uko mzima. Akanionyesha wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu. Msitu mzima ulikuwa na mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba mtu amepita na panga akiwa amepima kwa kamba. Akaelekeza simu chini. Hakuna mche hata mmoja uliozidi goti.

Halafu akafika kwa ndama aliyekufa kwenye theluji. Akamwinua kwa mkono mmoja, wakuu. Mkono mmoja, na ule mwingine umeshika simu.

"Baridi imemuua?" nikauliza.

"Baridi haimuui mwenye mafuta," akasema. "Huyu mama yake hakuwa na maziwa. Chakula hakikumtosha. Hakuna kinachowatosha wote."

Nikakaa chini juu ya ndoo ya maji ya ngamia.

Ule mstari niliuona mwaka ule wa 1984. Migunga yetu ililiwa hivyo hivyo, mpaka shingo ya mbuzi inapofika, na juu yake majani yakabaki yanatucheka. Mwanzoni kabisa mwa ukame, ng'ombe wakiwa bado na miili, wanunuzi walikuja kwa baba. Walitaka mitamba. Baba aliwafukuza kwa rungu. Alisema mtu hauzi kesho yake. Miezi iliyofuata wale mitamba ndio walioanguka kwanza, kwa sababu walikuwa wamebeba ndama tumboni. Walikula malisho ya wenzao mpaka yakaisha, wakafa wote pamoja, waliokula na walionyimwa.

Maisha yangu yote nimesema mvua ndiyo iliyomaliza ng'ombe wa baba. Nikiwa juu ya ile ndoo nikaanza kuona kwamba mvua ilisaidiwa.

Sasa shida ikawa kwenda kumwambia Abu Faisal.

Wakuu, mimi kazi nimebadilisha, mji nimebadilisha. Neno nililolisema nimesimama mbele ya wazee sijawahi kulibadilisha. Musoke alipokuwa ananipeleka nikamweleza ninachokwenda kusema. Akazima redio.

"Utamwambia mbele ya wageni?"

"Nilisema mbele ya wageni."

"Mzee, sanduku nililiona bado lipo."

Nikaingia majlisi. Wazee wale wale, mkaa ule ule. Safari hii nilitamani kusema nikiwa nimekaa, ila nikasimama hivyo hivyo.

"Abu Faisal, nilikosea. Yule mama yuko sahihi. Wapigwe majike. Na watoto wao kwanza."

Mzee mmoja akacheka mpaka ghutra, kile kitambaa chao cha kichwani, ikamsogea. "Juzi jike ni kesho ya boma, leo risasi. Huyu kesho atatuambia tule mkaa."

Abu Faisal hakucheka. "Kwa nini?"

Nikamsimulia habari ya baba na wale mitamba. Sijawahi kumsimulia mtu huku habari ile. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu, baba yako alifanya nini baada ya hapo. Nikamwambia alikwenda kuchunga mbuzi wa watu mpaka alipokufa.

Akasema, kwa sauti ndogo, "Babu yangu hivyo hivyo. Yeye ilikuwa ngamia."

Akachukua simu akampigia Marta. "Fanya unavyojua. Nyama yote wapewe watu wa kijiji, isitupwe hata mfupa." Akakata, akanigeukia. "Na wewe, neno langu liko pale pale. Majira ya joto, tutaona nani anabaki Doha."

Walipunguzwa kabla msimu haujafungwa. Sitaeleza zaidi, nilimwomba Musoke asinionyeshe picha na yeye akanionyesha.

Basi tukaanza kusubiri. Na hapa ndipo pa kuchekesha, kama bado mko na mimi.

Ikafika Machi, Doha AC zimeshaanza kuunguruma. Siku moja naingia majlisi, bosi hayupo, naangalia skrini. Dume mkubwa kuliko wote, yule mwenye matawi kama mti, ana pembe moja.

Nikasema amepigana. Madume wanapigana.

Siku iliyofuata hana hata hiyo moja. Na mwenzake naye imebaki moja. Inaning'inia.

Mimi nimezaliwa kati ya ng'ombe, wakuu. Ng'ombe pembe ikimtoka, kuna damu, kuna usaha, kuna kifo. Sijawahi kuona mnyama anadondosha pembe akaendelea kutafuna kama amedondosha kofia. Nikajua ugonjwa umeingia.

Nikamvuta Musoke kwenye korido. "Wamekwisha. Pembe zinadondoka."

"Wangapi?"

"Madume wote. Na majike ndio usiseme, hakuna hata mmoja aliyebaki na pembe."

"Mzee, majike hawakuwa na pembe tangu mwanzo."

"Usinichanganye."

Tukakubaliana bosi asione. Musoke akaenda nyuma ya televisheni akavuta waya. Abu Faisal akarudi, akabonyeza rimoti, giza.

"Netiweki?"

"Netiweki, bosi," Musoke akasema. "Wanasema theluji imeangukia nyaya huko."

"Mnh," Abu Faisal akasema, akaomba chai.

Tulimdanganya hivyo siku kadhaa. Mimi Marta nilikuwa simpigii, nilikuwa naona aibu. Nimemwambia aue majike halafu sasa madume wanakufa, kundi litakuwa limeishia mikononi mwangu pande zote mbili.

Ijumaa tukaenda ibada Mesaimeer, maana Ijumaa ndiyo Jumapili yetu huku. Mchungaji akauliza nani ana ombi. Musoke akasimama, sikumtuma, akasema kanisa limkumbuke mzee wetu ana mifugo yake inaumwa huko Ulaya. Kanisa zima likaombea mifugo yangu ya Ulaya. Baadaye nikiwa kwenye foleni ya soda akaja mama mmoja, muuguzi, Mkenya wa Kisii, akanishika mkono kwa heshima yote.

"Pole sana mzee. Kumbe una mifugo mpaka Ulaya? Vijana wako wameshaoa wote?"

Nikamwambia mmoja bado. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Jioni ile nikaanza kupanga nguo. Musoke alinitazama nakunja koti, akakosa utani, hapo nikajua hali ni mbaya kweli. Akachukua simu yangu, akampigia Marta, akaniwekea sikioni kwa nguvu.

Kiingereza kusikia nasikia, ila cha kusema ni cha kufungulia geti. Nikasema, "Sister, horn finish. All. I am sorry."

Nikasikia kitu kama mtu anakohoa, nikadhani analia, kumbe mama anacheka. Alicheka mpaka mbwa wake akaanza kubweka. Alipopata pumzi akaniambia zinadondoka kila mwaka. Kila mwaka, wakuu. Mwisho wa baridi dume anatupa pembe zote mbili, anaota mpya, na akiwa amekula vizuri mpya zinakuwa kubwa kuliko za zamani.

"Anatupa zote mbili?" nikauliza.

"Zote mbili."

"Bure?"

"Bure."

Nikakaa kitandani juu ya nguo nilizokunja. Mungu ana mali, wakuu. Mtu mwingine angepewa pembe kama zile angezifungia kabatini.

Kesho yake mapema tukaenda Al Thumama. Musoke akajipenyeza nyuma ya televisheni, waya ukarudi, picha ikawaka, madume vichwa vitupu wanatafuna kwa raha zao. Tukageuka. Abu Faisal amekaa mlangoni, ana kikombe chake.

"Netiweki imerudi?"

"Imerudi, bosi."

"Na pembe?"

Tukatazama zulia. Zulia zuri, la kutoka Iran.

"Nimewinda tangu nikiwa kijana, najua pembe zao zinadondoka, na kamera ninazo hata kwenye simu," akasema. "Nilikuwa nataka kuona mtanificha mpaka lini. Musoke, huo waya umeuchomeka vibaya, sauti haitoki."

Majira ya joto yakafika nao wakiwa hai. Wachache walikufa, Marta alisema baridi yoyote ina wa kwake. Mimi sikupanda ndege. Lakini bosi hakusema chochote, na mimi sikuuliza. Nikaendelea na ngamia wangu, kila siku nategemea kuitwa.

Niliitwa Desemba iliyofuata. Farwa, mkaa, wageni. Kwenye skrini theluji kama kawaida, ila kulungu walikuwa wachache na wanene. Hawakuwa wanaparua kwa hasira. Wanatembea polepole kama watu waliotoka kula. Marta alikuwa ametuma picha ya mche mmoja umepita goti, na nyingine ya ndama wa mwaka ule, mgongo wa mviringo. Chini ameandika kwa ajili yangu: huyu simwezi kwa mkono mmoja.

"Abu Saruni," bosi akasema, "unabaki."

"Shukran, Abu Faisal."

"Lakini nina swali. Kwako, huko Kenya, una ng'ombe wangapi?"

Nikavuta kifua. Nikamwambia hamsini na tatu. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Majike wangapi?"

"Karibu wote. Siuzi majike."

"Na nyasi?"

Wakuu, nimeulizwa maswali mengi na uhamiaji wa nchi tatu, sijawahi kukosa jibu. Kwenye kona Musoke alikuwa anamimina kahawa. Akakohoa, kahawa ikamwagika, akawa anaifuta taratibu sana huku mabega yanacheza.

Kwangu mitini kuna mstari. Nilikuwa nao kwenye simu, kwenye picha alizonitumia mke wangu. Nilikuwa naangalia ng'ombe, siangalii miti.

Nikampigia mke wangu palepale nje ya majlisi.

"Mama Saruni, nataka tupunguze ng'ombe. Na majike wamo."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Umefukuzwa?"

"Hapana."

"Mimi nimekuambia hili neno tangu Saruni yuko sekondari, ukaniambia mwanamke hajui boma. Leo nani amekuambia ukamsikia?"

"Kulungu."

"Nani?"

"Kuna wanyama fulani kwenye theluji."

"Baba Saruni," akasema polepole, kama anaongea na mtu aliye juu ya paa, "leo umekunywa maji? Huko nasikia kuna joto."

Tuliwauza wakiwa na miili, mvua haijakosa. Nililia kidogo kwa simu, na mtu asiniulize hapa chini kama mwanaume analia.

Nilichojifunza ni hiki. Kundi si hesabu. Kundi ni wale ambao ardhi inaweza kuwalisha mwezi mbaya kuliko yote, na anayebaki ni wa afya kwa sababu kuna aliyeondoka mapema. Ukikataa kuchagua wewe, njaa itakuchagulia, nayo haijui kuchagua. Na mkubali kufundishwa na mtu mliyemtukania maziwa. Inauma, lakini haiui.

Wafugaji wenzangu mlio humu, najua mnanikunjia ndita. Nitukaneni, nimezoea, ila kila anayetukana aandike pia ana ng'ombe wangapi na nyasi za nani. Na kama kuna anayejua kulungu zaidi yangu, aniambie pembe zilizodondoka nani anazichukua, maana Marta anasema zinabaki tu msituni na mimi hilo bado linaninyima usingizi.

Nilicho nacho leo, kwa wale wanaopenda kujua mzee wa darasa la tatu ana nini:

Nyumba ya mawe, vyumba vinne, Loitokitok.

Tangi la maji ya mvua.

Pikipiki moja, anaiendesha Saruni vibaya.

Watoto wawili waliomaliza chuo na mmoja anayemalizia.

Mke aliyekuwa sahihi tangu mwanzo, na anayenikumbusha kila tukiongea.

Ng'ombe ishirini na mmoja. Mvua imechelewa mwaka huu, na bado wana nyasi.